Gari la mchana lisingoje kujaa

Ninapanga magari ya sacco moja, chama cha wenye matatu, inayotumia Barabara ya Kangundo itokayo Nairobi, na wenye magari huniuliza kila mara: mchana, huko ndani ya Kamulu na Joska, gari la abiria 14 litapata pesa wapi? Likikaa steji kungoja lijae, hata wale wawili walioketi wanashuka na kupanda boda. Saa za asubuhi na jioni usiziguse, gari linajaa lenyewe. Lakini kuanzia saa nne hadi saa tisa liondoke kwa saa iliyopangwa, hata na watu watatu, na likate kona, yaani liache lami liingie ndani, kwa waliopiga simu mapema pekee.

Kwanza soma leseni. NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, hutoa leseni ya njia maalumu, na askari wa trafiki hana muda na hadithi ya abiria aliyekupigia.

Kisha pima kona zenyewe. Kuingia ndani kilomita moja na nusu na kutoka ni kilomita tatu. Kwenye marramu, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni dakika 12. Kona mbili ni dakika 24, na walio ndani ya gari wameanza kunung'unika. Basi zisizidi mbili kwa safari, na dakika hizo ziwekwe kwenye ratiba tangu mwanzo. Asipopiga mtu, dereva angoje kwenye kituo kinachofuata mpaka saa yake ifike. Mvua ikinyesha futa kona zote, watu waje lami. Udongo mweusi wa huku hauna huruma.

Mahali pa kuchukua abiria pachague wewe. Ukimwachia atakwambia, "Niko hapa kwa geti ya bluu, karibu na tangi nyeusi," na huku nusu ya maboma yana geti ya bluu na tangi nyeusi. Sisi tulipaka mawe chokaa tukayaandika namba. Siku hizi mama wa mayai anasema tu, "Jiwe la sita, kesho saa tano, nina trei nane," nasi tunajua kiti cha nyuma kimekwenda.

Kinachoua mpango huu ni hesabu ya siku, zile pesa dereva anazompelekea mwenye gari kila jioni. Dereva anayedaiwa kiasi kilekile hawezi kuacha lami kwa ajili ya mtu mmoja, na simlaumu. Mwenye gari ashushe hesabu ya saa hizo, au alipe mshahara.

Wala usimfuate kila mtu mlangoni. Helsinki, huko Ufini, walianza Kutsuplus mwaka 2012, mabasi madogo ya kuitwa kwa simu, tena si hadi mlangoni bali kutoka kituo chochote hadi kingine. Mwisho wa 2015 yakasimamishwa, ruzuku ilikuwa nzito. Na wale walikuwa na jiji la kuwalipia. Wewe una mkopo wa gari.

Simu ya kupokea maombi ishikwe na mtu wa steji, si dereva. Ratiba ibandikwe kwenye duka la M-Pesa, na saa za kurudi ziandikwe kubwa kuliko za kwenda, maana mgonjwa wa kliniki hatoki kwake kama hajui atarudi na gari gani.