Kusuka Ukili Nyumbani: Kutoka Chane Tano hadi Mkeka wa Mezani

Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, mgeni akibisha hodi mkeka hutandikwa barazani kabla hata chai haijabandikwa jikoni, lakini wengi wetu tumezoea kuununua ukiwa tayari, na hatujawahi kushika wenyewe chane, yaani vipande vyembamba vya majani vya kusukia. Mwongozo huu wa kusuka ukili, yaani utepe mrefu wa chane zilizosukwa ambao hushonwa ubavu kwa ubavu kupata mkeka, nimeuandika kwa ajili ya mtu mzima ambaye hana ujuzi wowote wa kusuka na anatafuta kazi ya mikono ya kufanya nyumbani jioni, baada ya shughuli za kutwa. Mimi nilijifunza ukubwani, Mikindani, kwa jirani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, na ninaandika nikikumbuka vizuri ni wapi nilikwama. Vidole vyangu vilizoea mapema kuliko nilivyotarajia. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni unyevu wa majani, na kwa sababu hiyo nitakaa juu ya jambo hilo kwa urefu kuliko mengine.

Tuanze na malighafi. Mikeka laini ya pwani husukwa kwa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, mti unaopenda kuota penye maji, kandokando ya mito na mabwawa. Majamvi na vikapu vya kazi ngumu husukwa zaidi kwa miyaa, majani ya mkoma, ambayo ni mapana na magumu. Anayeanza achague ukindu, kwa kuwa hauumizi vidole na hukunjika bila kubishana. Nunua uliokwisha kukaushwa, unaouzwa kwa mafungu, na uchague fungu ambalo majani yake yana rangi moja ya maziwa au ya kijani kilichopauka, yasiyo na madoa meusi. Madoa hayo ni ukungu, na jani lenye ukungu hukatika hata ukilitunza vipi. Kama una mkindu karibu na shamba lako na unataka kukata mwenyewe, kata lile jani changa ambalo bado halijafunguka, jani moja tu katika kila shina, na uache mashina mengine ya kichaka hicho yapumzike. Mkindu huota kwa vichaka, na anayevuna kwa kiasi atarudi pale pale mwaka unaofuata. Majani uliyokata yachambue, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, na uyaingize ndani kila jioni kabla umande haujashuka.

Hatua inayofuata ni kuchana. Kila jani lina uti katikati na kingo ngumu pembeni, na vyote hivyo huondolewa, kisha sehemu laini iliyobaki hupasuliwa kuwa chane za upana mmoja. Wazoefu hutumia ukucha wa kidole gumba, na jicho lao ndilo rula yao. Kwa mwanafunzi ninapendekeza kipande kidogo cha ubao kilichopigiliwa pini mbili zilizoachana kwa nusu sentimita: unachoma jani kwenye pini hizo, unalivuta taratibu kuelekea kwako, na chane inatoka ikiwa na upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Usiharakishe hapa. Chane zisizolingana hufanya ukili upinde kama njia ya mchwa, na kasoro hiyo hairekebishiki wakati wa kushona.

Sasa unyevu. Jani kavu likikunjwa hupata ufa mwembamba kwenye mkunjo, ufa ambao huenda usiuone siku hiyo, lakini baada ya miezi michache mkeka huanza kukatika kingoni, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Jani lililolowa sana lina hatari nyingine. Maji huvimbisha jani, na linapokauka hunywea, hivyo ukili uliosukwa kwa chane zilizolowa huachia nafasi kila zinapopishana. Kazi yangu ya kwanza iliharibika namna hiyo. Nilikuwa nimeziloweka chane kwenye ndoo kutwa nzima, nikidhani kwamba kadiri zinavyolainika ndivyo kazi itakavyokuwa nzuri, na nikasuka ukili uliobana kiasi cha kunifanya nijivunie. Wiki moja baadaye niliuinua kuelekea dirishani nikaona mwanga ukipenya kote kama kwenye chekeche. Bibi aliushika, akaukunjua, akaniambia, "Mjukuu wangu, jani halitaki kuogeshwa, linataka kunyweshwa."

Kunywesha kunafanyika hivi. Chukua chane utakazotumia jioni hiyo pekee, zichovye ndani ya maji safi kwa dakika chache, uzitoe na kuzikung'uta, kisha uzifunge ndani ya kipande cha kanga kuukuu kilichokamuliwa vizuri na uziache kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo ifanyie jaribio chane moja kwa kuizungusha kwenye kidole cha shahada. Ikitoa mlio au kuonyesha mstari mweupe, bado ni kavu, na irudi ndani ya kitambaa. Ukiibana kati ya vidole viwili ikakuachia maji, imezidi, na uiache ipigwe na upepo kidogo. Iliyo sawa huhisika baridi kwenye ngozi lakini haiachi umajimaji, na hukunjika kimyakimya. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa kwetu hukausha chane mkononi mwako kabla hujamaliza kipande cha ukili chenye urefu wa mkono mmoja, kwa hiyo kaa na kile kitambaa mapajani na utoe chane kadiri unavyozihitaji. Wakati wa mvua hali hubadilika, na mara nyingi kitambaa chenyewe kinatosha bila kuchovya. Chane zilizobaki usizilaze usiku ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zianike kivulini mpaka zikauke, la sivyo zitaanza kuota ukungu.

Sasa tunasuka. Chagua chane tano zenye urefu tofauti kwa makusudi, ili zisije zikaisha zote mahali pamoja, uzifunge ncha kwa uzi, na uufungie uzi huo kwenye mguu wa kiti au kwenye dole gumba la mguu wako kama wafanyavyo akina mama wengi wanaosuka wakiwa wamenyoosha miguu. Zigawe chane tatu upande wa kushoto na mbili upande wa kulia. Kanuni ni moja tu na haibadiliki: upande wenye chane tatu ndio unaotoa. Chukua chane ya nje kabisa ya upande huo, ikunje kuelekea ndani, ipitishe juu ya jirani yake wa kwanza na chini ya jirani wa pili, kisha iache ijiunge na upande wa pili. Sasa kulia kuna tatu na kushoto kuna mbili. Chukua ya nje kabisa ya kulia, ipitishe juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, nayo ihamie kushoto. Endelea hivyo, kushoto na kulia kwa zamu, na baada ya mizunguko kumi hivi utaona ukili ukijitokeza, wenye mistari ya mshazari inayokutana katikati.

Mambo mawili huamua uzuri wake. La kwanza ni mkunjo wa ukingoni: chane inapogeuka kurudi ndani, ibonyeze kwa kucha ili mkunjo ulale bapa, kwa sababu mikunjo hiyo ndiyo sindano itakayoishika wakati wa kushona. La pili ni mkazo. Usivute kwa nguvu. Sogeza kila chane mpaka iguse mwenzake, kisha simama. Ukivuta mkono wa kulia kuliko wa kushoto, ukili utajipinda kuelekea kulia, na karibu kila anayeanza hupata tatizo hilo kwa sababu mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine. Kila baada ya shubiri moja, ulaze ukili sakafuni na uutazame kutoka juu. Ukiona umeanza kupinda, fumua mpaka mahali ulipokuwa umenyooka. Kufumua hakuharibu chane maadamu bado zina unyevu.

Chane inapobakia fupi kama urefu wa kidole, laza chane mpya juu yake, ncha ikichomoza kidogo upande wa nyuma, na usuke zote mbili kama chane moja kwa mapishano matatu au manne, kisha uiache ile ya zamani ibaki nyuma. Ncha hizo zitakatwa kwa mkasi kazi ikishakauka. Ukizikata mapema, zitachomoka.

Kwa kazi ya kwanza ninashauri mkeka mdogo wa mezani, wa kuwekea sahani na bakuli, badala ya mkeka wa kulalia ambao utakukatisha tamaa kabla haujafika nusu. Chane za nusu sentimita hutoa ukili wenye upana wa takriban sentimita moja na nusu, kwa hiyo vipande 20 vikishonwa ubavu kwa ubavu vitakupa upana wa takriban sentimita 30. Kila kipande kiwe na urefu wa mkono mmoja, yaani kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ambao ni karibu sentimita 45. Mikono 20 ni pima tano, kwa kuwa pima moja ni mikono minne, na ni sawa na mita 9 hivi za ukili. Vipimo hivi vya mwili bado vinafaa sana katika kazi hii, kwa sababu huhitaji kuacha ukili na kutafuta futikamba. Pima yangu ya kwanza ilinichukua jioni tatu. Ya tano niliimaliza katika jioni moja, nikiwa nazungumza na watu wa nyumbani.

Ukitaka rangi, zitie chane kabla ya kusuka. Tumia sufuria ambayo haitarudi tena kupikia chakula, chemsha maji ya kutosha kuzifunika chane, koroga rangi ya unga inayouzwa madukani pamoja na kijiko cha chumvi, kisha uzitumbukize na kuzigeuza kwa kijiti kwa takriban nusu saa. Funga kitambaa puani unapomimina unga huo na uwaweke watoto mbali. Suuza mpaka maji yatoke safi, halafu uanike kivulini. Manjano ya jikoni pia hutoa rangi nzuri, ingawa hupauka upesi juani. Zamani magome ya mikoko yalitumika kupata rangi nyekundu ya kahawia, lakini misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria na haifai kuchunwa kwa ajili ya burudani yetu. Chane moja tu yenye rangi kati ya tano inatosha kwa kuanzia, nayo itakwenda ikipinda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa urefu wote wa ukili, na utafurahi kuiona.

Kabla ya kukata ukili vipande, uache ukauke siku mbili kivulini, kisha pima kila mkono na ushone mistari miwili ya uzi inayokatiza ukili, ukiacha upana wa kidole kati yake. Mkasi upite katikati ya mistari hiyo. Asiyefanya hivyo atashuhudia ncha zote zikifumuka mkononi mwake. Kwa kushona, wazoefu hutumia shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea mikeka, na asiyekuwa nayo atumie sindano ya kushonea magunia ya korosho, ambayo kwa msimu wa huku haikosekani katika nyumba nyingi, mradi ncha yake iwe butu ili isipasue chane. Laza vipande viwili sambamba, pitisha sindano chini ya mkunjo mmoja wa ukingo wa kulia, halafu chini ya mkunjo unaotazamana nao wa kushoto, na uendelee hivyo mpaka mwisho. Vuta uzi kila baada ya mikunjo mitano ili kingo zikutane na uzi uzame ndani. Ukifanya vizuri, uzi hauonekani kabisa. Ncha mbili za mkeka zizungushie pindo la kitambaa cha kanga au kitenge.

Mkeka uliokamilika hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuanikwa kivulini, na huhifadhiwa ukiwa umeviringishwa, si kukunjwa. Miezi ya mvua uutoe nje kila penye jua la asubuhi. Ukishazoea chane tano, ongeza mbili zifike saba: upande wenye nne ndio utakaotoa, na chane ya nje itapita juu, chini, juu, kabla ya kuhamia ng'ambo.