Kwenye barabara ya Magadi, tafuta mwiba kabla ya kuweka tyubu mpya

Ukiteremka kwa baiskeli kutoka Kiserian kuelekea Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, miiba ya migunga huvunjikia ndani ya tairi. Inabaki ncha ya milimita mbili hivi, karibu huioni, nayo hutoboa tyubu mpya muda si mrefu. Kwa hiyo kabla hujavua tairi, litie alama ya kalamu pale valvu ilipo. Toa tyubu, ijaze upepo, sikiliza inapovuja, kisha ilaze juu ya tairi, valvu ikae penye alama. Tundu litakuonyesha mwiba ulipo. Kama tyubu imegeuka, angalia pia upande wa pili wa valvu, umbali uleule. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi badala ya kidole: nyuzi hunasa kwenye ncha, na hujichomi. Usukume mwiba kutoka ndani, uuchomoe kwa koleo upande wa nje. Zungusha tairi lote, maana mara nyingi hauko peke yake. Mbinu hii haisaidii ukikuta matundu mawili sambamba: hapo upepo ulikuwa mdogo na rimu ikabana tyubu ulipogonga shimo la barabarani. Tundu likiwa upande wa spoki, kagua utepe wa rimu, ule unaofunika vichwa vya spoki.