Jinsi ya kudumu ukiwa mpiga besi wa roki

Nimepiga besi kwenye bendi za roki kwa miaka 22, na kila nikipata mwanafunzi mpya swali huwa lilelile: ninunue gitaa gani? Nunua lolote lenye nyuzi 4 na shingo iliyonyooka. Precision Bass, gitaa la besi la mtengenezaji Leo Fender, lilitoka mwaka 1951, na umbo lake mpaka leo linatosha jukwaa lolote. Mengine ya vifaa utayajua njiani. Kinachokula miaka ni kujua kukata noti, yaani kuinyamazisha kwa wakati wake.

Hilo nililijulia studio. Tulikuwa tunarekodi wimbo wetu wa pili, fundi mitambo akazima vyombo vyote akaacha besi yangu peke yake. Noti zilikuwa sahihi, lakini chini yake kulikuwa na mngurumo: nyuzi nisizozipiga zilikuwa zinalia zenyewe. Mpiga dramu wetu, aliyenizidi umri, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, noti zako hazifi. Unaanzisha, humalizi."

"Kaka, nionyeshe," nikamwambia. Akakaa nami usiku ule mpaka nikaelewa.

Nyuzi nne za besi, kuanzia ule mnene, huitwa E, A, D na G. Anza na dole gumba la mkono unaopiga. Ukipiga uzi wa A, gumba liegemee uzi mnene wa E. Ukihamia D, lishuke likae juu ya A, na ubavu wake uendelee kugusa E. Ukifika G, linashuka tena. Mkono unaobana nao una kazi yake: ukitaka noti ife, legeza kidole lakini kiache kigusane na uzi. Ukikinyanyua ghafla, uzi mtupu utalia na kila mtu atausikia.

Kisha weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Piga noti kwenye pigo la moja, iue kwenye la mbili. Kwenye mbili kabisa, siyo baada yake. Dakika 10 kila siku, kabla hujagusa wimbo wowote. Ukishazoea, kaa na mpiga dramu, nyinyi wawili tu, wapiga gitaa wasubiri nje. Noti yako ianze pamoja na ngoma ya mguu, ife pale snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapolia. Utasikia snea inapasuka kwa nguvu mpya, na mpigaji hajaongeza chochote. Ni wewe umempisha. Naipenda sana dakika hiyo. Wasikilizaji hawatajua kilichobadilika, ila vichwa vitaanza kutikisika.

Vidole au piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi? Hapa watu hugombana bure. Mpiga besi James Jamerson alipiga nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kwa kidole kimoja cha shahada. Carol Kaye, mpiga besi wa studio, alitumia piki, na Lemmy wa bendi ya Motörhead vilevile, tena akipiga kodi nzima, noti kadhaa kwa pamoja, kama mpiga gitaa. Jifunze vyote viwili. Unapowasikiliza hawa, vaa hedifoni: uzi wa E mtupu hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiufikii.

Jifunze pia kuitikia. Mpiga besi anayeweza kushika sauti ya pili huku anapiga huitwa kazini mapema kuliko mwenye vidole vyepesi asiyefungua mdomo.

Sasa pesa. Haki ya mtunzi na haki ya mpigaji ni vitu viwili tofauti, na vijana wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa. Kuna wimbo unaoanza na besi yangu peke yake kabla ya chombo kingine chochote kuingia. Mstari ule niliutunga mimi. Kwenye karatasi za utunzi jina langu halimo, kwa sababu siku tuliyoutunga hakuna aliyeandika kitu, na bendi ilipovunjika kila mmoja alikumbuka lake. Bado linaniuma. Kwa hiyo siku wimbo unapozaliwa, kabla hamjafungasha vyombo, andikeni nani katunga nini na nani anapata asilimia ngapi, wote mtie sahihi. Ukurasa mmoja unatosha.

Na masikio. Miaka mingi nilisimama karibu na matoazi bila kinga, na sasa usiku kukiwa kimya sikio langu la kushoto linapiga mluzi usiokoma. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza kikomo cha desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu. Zikifika 100 unabaki na dakika 15, na wimbo wa roki mazoezini hufika hapo kwa urahisi. Nunua vizibo vilivyotengenezwa kwa wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, vinginevyo utaivua kinga katikati ya wimbo ili usikie. Vaa tangu mazoezini. Halafu sogea hatua mbili kutoka kwenye matoazi, ukae mahali ambapo bado unauona mguu wa mpiga dramu.