Somo: Kutunga fahirisi ya kulinganisha maendeleo ya nchi mwaka hadi mwaka

Habari wadau. Kutunga fahirisi (namba moja inayojumlisha vipimo kadhaa) ya mwaka mmoja si kazi ngumu. Balaa huanza ukiongeza mwaka wa pili, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1. Andika kwa sentensi moja unachotaka kupima, kabla hujagusa takwimu. Mchumi Mahbub ul Haq, akisaidiana na mchumi mwenzake Amartya Sen, alipoandaa Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) mwaka 1990, alishika mambo matatu tu: afya, elimu na kipato. Usirundike viashiria, yaani takwimu zinazowakilisha mambo hayo. Vifo vya watoto wachanga na umri wa kuishi huenda pamoja. Ukiviweka vyote viwili umeipa afya uzito maradufu bila kukusudia.

Hatua ya 2. Kusanya takwimu za miaka yote, zenye fasili ile ile. Pengo kati ya sensa mbili unaweza kulikadiria, lakini usijaze sifuri kamwe. Kipato kiwe kwa bei za mwaka mmoja, kikirekebishwa kwa uwezo wa kununua, yaani kile pesa inachoweza kununua katika kila nchi.

Hatua ya 3. Weka kila kiashiria kwenye kipimo cha 0 hadi 1: toa kima cha chini kwenye thamani ya nchi, kisha gawa kwa tofauti ya kima cha juu na cha chini. (Kwa kiashiria ambacho kikipanda ni hasara, kama vifo, toa jibu kwenye 1.)

Sasa, vima hivyo vinatoka wapi? Wengi huchukua nchi ya mwisho na ya kwanza za mwaka husika. Tazama kinachotokea. Nchi tatu zina umri wa kuishi wa miaka 50, 60 na 70. Ya katikati inapata 0.5. Muongo mmoja baadaye zina 55, 63 na 75. Ile ya katikati imeongeza miaka mitatu ya uhai, lakini alama yake imeshuka hadi 0.4! Watu wake wanaishi zaidi, fahirisi inasema wamerudi nyuma. Hilo ni kosa la mizani.

Dawa yake ni kufunga vima kwa miaka yote. UNDP hutumia miaka 20 na 85 kwa umri wa kuishi. Kwa vima hivyo, nchi yetu inatoka 0.615 kwenda 0.662, na ndivyo hali ilivyo.

Hatua ya 4. Unganisha alama za viashiria vyote ziwe moja. Chukua alama 0.9, 0.9 na 0.3. Wastani wa kawaida ni 0.70, sawasawa na nchi yenye 0.7 kote. Ukizizidisha ukatafuta kipeuo cha tatu unapata 0.62. Mimi naunga mkono njia hii ya pili: shule mbovu isifichwe na utajiri.

Hatua ya 5. Badilisha uzito wa viashiria, kokotoa upya. Nchi zikipinduana ovyo, waambie wasomaji wako wazi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mbona kwenye fahirisi ya UNDP kipato kinapitishwa kwenye logi (logarithimu) kwanza?
Jibu: Kwa sababu dola elfu moja ya ziada humbadilishia maisha zaidi mwenye elfu moja kuliko mwenye elfu hamsini. Kwa logi, kutoka 1,000 hadi 2,000 ni hatua sawa na kutoka 10,000 hadi 20,000. Vima vya UNDP hapo ni dola 100 na 75,000.

Swali: Nimeunganisha thamani kutoka ripoti za UNDP za miaka tofauti, mstari unarukaruka. Nimekosea wapi?
Jibu: Ndugu, umechanganya mizani. Mwaka 2010 waliacha wastani wa kawaida wakahamia ule wa kuzidisha, wakabadili na viashiria vya elimu. Takwimu za nyuma nazo husahihishwa. Chukua mfululizo wote kutoka toleo moja, la karibuni.

Swali: Nchi ikipanda nafasi tatu si imeendelea?
Jibu: Si lazima. Inaweza kusimama palepale huku jirani zake watatu wakiporomoka kwa vita. Soma thamani kwanza, nafasi baadaye.