Msiba na siku ya kuzaliwa: namna ya kuziandaa ili imani na furaha zisipotee

Anza na daftari. La kurasa 96 linatosha. Lichore safu tatu: jina, alicholeta, neno la shukrani. Hapa Uganda, hasa upande wa Buganda, msiba haukosi daftari la mabugo, yaani michango ya rambirambi. Neno lenyewe limetokana na lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo watu walikuja nayo ili marehemu azungushiwe. Siku hizi daftari huishia kwenye hesabu ya shilingi, na hapo ndipo mengi hupotea. Anayepokea mchango amwulize mtoaji: "Unamshukuru Mungu kwa lipi kwa ajili yake?" Aandike sentensi moja, kama ilivyosemwa: "Alinilipia karo, hakuniuliza nitarudisha lini." Asiirembe.

Kama mazishi ni saa kumi alasiri, ibada ianze saa nane kamili, na mahubiri yatangulie hotuba. Hotuba zikitangulia, mheshimiwa mmoja akishika maikrofoni dakika arobaini zimekwisha, mawingu yamekusanyika, na mchungaji anabakiwa na dakika kumi za kuwafariji watoto wa marehemu. Wasemaji wawe watano, dakika tatu kila mmoja. Badala ya msemaji wa sita, soma sentensi nne au tano kutoka safu ya tatu. Mtaona watu wanacheka huku machozi yanawatoka, msiwanyamazishe. Msemaji wa ukoo atangaze pia nani apelekewe habari za madeni, kabla jeneza halijanyanyuliwa.

Kwa Waislamu mwendo ni mwingine: mazishi hayacheleweshwi, na swala ya jeneza husaliwa kwa kusimama, takbira nne, bila rukuu wala sijida. Daftari lisipelekwe kaburini. Lifunguliwe matangani baada ya dua.

Chakula cha watu 100: unga wa posho, yaani ugali wa mahindi, kilo 25, maharage makavu kilo 10. Maharage yalowekwe usiku wa mkesha. Yasipolowekwa yanakawia jikoni, na vijana wenye njaa wanaondoka kaburi halijafukiwa. Wachimba kaburi wapakuliwe kwanza.

Siku ya kuzaliwa haihitaji zaidi ya nusu saa ya shukrani, lakini iwe kabla ya keki. Keki ikishakatwa watoto hawasikilizi tena. Watu watatu waseme kila mmoja jambo moja aliloliona kwa mwenye siku yake mwaka huu, si kumtakia tu maisha marefu. Andikeni hayo katika daftari lile lile. Wimbo usiwape shida: Tukutendereza, pambio la uamsho uliovuma Uganda tangu miaka ya 1930, huimbwa msibani na huimbwa kwenye shukrani, na wazee kwa vijana wanalijua. Kumwagia maji mwenye siku yake ni desturi yetu yenye raha, ila iwe nje, baada ya sala, simu zikiwa zimetolewa mifukoni. Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee wasimwagiwe.

Sasa lile gumu: siku ya kuzaliwa ikiangukia ndani ya matanga. Familia nyingi huinyamazia, na mtoto wa miaka saba anaelewa kwamba amekosea kuzaliwa. Ahirisheni keki na muziki, lakini asubuhi hiyo, kabla waombolezaji hawajajaa, mkalisheni mkekani. Mkubwa wa nyumba amwekee mkono kichwani, amtaje kwa jina lake kamili, ashukuru kwa miaka yake, kisha apewe chai na mandazi mbele ya wote. Dakika kumi tu. Warumi 12:15 huweka wanaofurahi na wanaolia katika mstari mmoja, na mkeka wa nyumba unaweza kuwabeba vilevile.

Siku ya kwanza ya kuzaliwa ya marehemu baada ya mazishi nayo msiiache ipite kimya, maana mjane huikumbuka hata asiposema. Nendeni watu wanne au watano, si umati, mkiwa na sukari kilo mbili na daftari. Mwacheni achague sentensi ya kusomwa. Akitaka ile ile isomwe mara tatu, isomeni mara tatu.