Somo: Kulipita lori njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ukiwa na volani (usukani) ya kuume

Kongo tunaendesha upande wa kuume, na magari mengi hapa Lubumbashi yana volani kuumeni vilevile kwa kuwa yametoka Japani. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani, yaani pembeni mwa barabara. Ukijibana nyuma ya lori la shaba unaona turubai tu.

Hatua kubwa kuliko zote: baki nyuma. Acha mita 30 au zaidi. Barabara inapojipinda kuume, chungulia upande wa majani, utaiona njia iliyo mbele ya lori. Usilipite hapo, ngoja inyooke.

Kisha piga hesabu. Lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, wewe 80. Urefu wake mita 22, pamoja na nafasi ya nyuma na ya mbele, utakaa upande wa wenzako wanaokuja sekunde 15 hivi. Hapo umekula mita 330, na anayekuja kwa mwendo wako naye amekula 330. Unahitaji karibu mita 700 tupu. Ukiona mia tatu, usitoke.

Tazama vioo, washa taa ya kushoto, punguza gia kabla ya kutoka, piga honi. Rudi kuume ukiona taa zote mbili za lori ndani ya kioo cha kati.

Aliyekaa kushoto akusaidie kuona, lakini asikuamulie. Mimi ndugu yangu aliniambia "Pita!" Aliona njia tupu, hakuiona baiskeli ya makala (makaa) kule mbele. Mara gari likatokea mbele yetu, likimkwepa mwenye baiskeli, likaja katikati. Nilikanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori, kokoto za pembeni zikigonga chini ya gari. Mikono ilitetemeka hadi Kasumbalesa. Tangu siku ile, nisipoona kwa macho yangu sipiti.

MASWALI

Mama wa Katuba: Baba, shofa wa lori akiwasha taa ya pembeni, si ananiambia nipite?

Jibu: Usiifuate, mama. Malori mengi hapa yanatoka Zambia na Tanzania, na kule wanaendesha kushoto. Taa ya kushoto, kwao upande wa majani, huko inaweza kuwa "pita". Hapa kwetu taa ileile ni ya mtu anayetoka kuja upande wako.

Kijana wa Ruashi: Malori matatu yakifuatana je?

Jibu: Moja moja, tena kama kuna nafasi ya kuingia kati yao. Kama hakuna, vumilia. Hadi Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi: kwa 60 badala ya 80 unachelewa dakika 20 na kidogo.

Mama wa Katuba: Na wakati wa vumbi, au moshi wa majani yanapochomwa?

Jibu: Hapo hapana, mama. Washa taa, baki nyuma hata nusu saa.