Njiro au Sakina? Linganisha hivi kabla hujalipa kodi

Mteja akinipigia kutafuta nyumba hapa Arusha, swali la kwanza ni bei. Mimi ni dalali, bei ndiyo mkate wangu, lakini naomba uiache mwisho. Nyumba mbili za kodi ileile, moja Njiro na nyingine Sakina, hazikugharimu sawa mwezi ukiisha.

Hatua ya 1: Safari. Sakina iko barabara ya Namanga, Njiro iko upande mwingine kabisa wa mji. Usipime kwa ramani ya simu. Panda kifodi, daladala yetu ndogo, saa moja asubuhi, siku ya kazi, kuanzia getini hadi kazini kwako. Jumlisha na bodaboda ya saa tatu usiku. Hiyo ndiyo inayokula mshahara kimyakimya.

Hatua ya 2: Nenda wakati wa masika, Machi hadi Mei. Niliwahi kumwonyesha mtu nyumba Njiro ndanindani mwezi Februari, njia ngumu kama sakafu. Aprili akanipigia: "Dalali, njoo usukume." Gari lilikuwa limezama kwenye tope, geti analiona. Nilienda, nikasukuma. Kama huwezi kusubiri mvua, angalia alama zake: mstari wa tope chini ya ukuta wa fensi, mawe ya kukanyagia njiani, viroba vya mchanga mlangoni.

Hatua ya 3: Maji. Hapa usiwe na haraka. Fungua bomba mwenyewe, kisha muulize jirani, siyo mwenye nyumba, maji ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, yanatoka siku ngapi kwa wiki. Tangi ni la lita ngapi, na wapangaji wangapi wanalitegemea? Kama ni kisima, uliza habari za floridi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyajaza maji ya sehemu nyingi madini hayo, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuyaondoi. Ukiona watoto waliokulia mtaani hapo wana meno ya kahawia, ingiza pesa ya maji ya kunywa kwenye hesabu zako.

Hatua ya 4: Luku, yaani mita ya umeme. Iwe yako peke yako. Luku ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki.

Hatua ya 5: Rudi saa tatu usiku, Jumamosi. Simama nje dakika kumi usikilize baa, spika za mkesha na mbwa.

Hatua ya 6: Kama unanunua, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa siyo hati. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uangaliziwe kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, halafu tembea mipaka ya kiwanja pamoja na majirani wenyewe, siyo na muuzaji peke yake.

Sasa chukua karatasi, kila mtaa safu yake: kodi, nauli, maji, mlinzi, taka. Ukishajumlisha, nipigie tuongee bei.